Sura ya Tano: Mjadala Unaokaa na Mjadala Unaopita

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Walikuwemo watu 43, na 19 kati yao hawakutoka hai. Mwanza tuliiona ajali hiyo kwenye simu kabla ya kuisikia redioni: mkia wa ndege umechomoza majini, mitumbwi imeuzunguka, watu waliojipanga ufukweni wanavuta kamba. Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na video hizo, la ukoo, la kwaya, la vikoba, la wazazi wa darasa la nne. Hadi mchana, ambaye hakuwa amezipata ni yule tu ambaye simu yake ilikuwa imezima.

Video zile zilifikisha habari, na zilifanya kazi hiyo vizuri kuliko chombo chochote cha habari nchini. Siku iliyofuata taifa likamshangilia kijana mmoja mvuvi kwamba ndiye aliyefungua mlango wa ndege. Baadaye ripoti ya awali ya uchunguzi ikaeleza kuwa mlango ulifunguliwa na mhudumu wa ndege. Wavuvi walifika kwanza na waliokoa watu, hilo halina ubishi. Lakini nani alifanya nini, saa ngapi, na kwa nini mitumbwi ya wavuvi ilitangulia vyombo vya uokoaji, hayo ni maswali yasiyoenea ndani ya video ya nusu dakika. Yanataka mahali ambapo mtu wa Bukoba aliyekuwepo ufukweni anaandika alichokiona, mtu anayejua mambo ya urubani anamsahihisha, mwingine anaileta ripoti hiyo siku inapotoka, na mpita njia wa miezi sita baadaye anavikuta vyote vimepangwa kama vilivyofuatana. Mahali hapo ndipo tulipopaita jukwaa.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kulijali jambo hili kuliko wengine. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikaondoka na watu zaidi ya 800. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Kati ya ajali hizo kuna miaka 22, lakini ukisikiliza watu wakizizungumza utasikia maswali yale yale: chombo kilibeba wangapi, nani aliruhusu, waokoaji walikuwa wapi, maboya yalikuwa mangapi. Jamii inayouliza swali moja kila baada ya msiba, kana kwamba haijapata kuliuliza, inakosa pa kuliweka swali pamoja na majibu yake.

Kwa hiyo nikiulizwa kama majukwaa ya mijadala ya mtandaoni yanakufa kwa sababu ya mitandao ya kijamii, huanza kwa kutazama kilichopungua. Maneno hayajapungua. Mwanza ya leo inaongea mtandaoni kuliko ilivyowahi kuongea. Wanaoandika na kusoma wameongezeka mno kuliko wale wa miaka ya 2000. Kilichopungua ni maneno yanayokaa: yaliyoandikwa hadharani, yenye tarehe, yanayotafutika, yanayoweza kujibiwa na mtu ambaye aliyeyaandika hamjui na hatamjua.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti ya Mwanza ilikuwa ya kukodi. Ulikwenda mjini, ukaingia kwenye chumba cha kompyuta sita au nane, ukalipia nusu saa au saa nzima, ukasubiri ukurasa ufunguke huku dakika zako zinaisha. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali na nzito. Hali hiyo iliwanyima watu wengi intaneti, na siitamani irudi. Ila ilikuwa na tokeo moja ambalo hatukulithamini wakati ule. Aliyelipia nusu saa alikuja na swali lake akiwa ameshalifikiria njiani. Aliandika aya nzima. Akaondoka, na kesho au keshokutwa akarudi kutazama amejibiwa nini.

Katika mazingira hayo, mwaka 2006, Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha Jambo Forums, ambayo miaka miwili baadaye ikabadili jina kuwa JamiiForums. Wengi tuliita JF tu. Watu waliingia kwa majina ya bandia, wakaitana mkuu bila kujali cheo wala umri, wakafungua nyuzi. Mleta mada aliweka hoja juu, na majibu yakafuatana chini yake, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi na saba. Aliyetukana sana alipigwa ban na mamodi, yaani wasimamizi. Aliyedai jambo zito aliambiwa aweke ushahidi. Na uzi haukuzikwa: miaka mitatu ikipita mtu aliyeutafuta angeweza kuandika sentensi moja chini yake, ukafufuka na kupanda tena juu ya orodha, ukiwa na kila kilichosemwa mwanzo.

Mwaka huo huo wa 2006 Mwanza ilikuwa inasemwa duniani kote bila yenyewe kusema. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004, ilikuwa imeonyesha biashara ya sangara: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki kwa wenyeji. Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na hapa mjini watu waliandamana kuipinga. Ukumbuke jinsi mjadala ule ulivyokuwa. Alikuwepo mtengeneza filamu wa Ulaya, alikuwepo Rais, walikuwepo waandamanaji waliobeba mabango. Mchuuzi wa mapanki mwenyewe, mvuvi aliyekuwa akiuza sangara kiwandani, mfanyakazi wa kukata minofu, waliongea wapi? Ni wachache waliokuwa na njia ya kuandika kitu kikasomwa nje ya mtaa wao. Majukwaa yaliingia kwenye pengo hilo, na ndiyo maana watu waliyapokea kwa kiu.

Kisha ikaja Richmond. Mapema mwaka 2008 kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni hiyo ilifikia kilele chake. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ikatoa ripoti, na tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. JF ilikuwa moja ya sehemu ambazo suala hilo lilichambuliwa kwa kina, na Februari hiyo hiyo Melo na Mushi walikamatwa na kompyuta zao kuchukuliwa. Tangu siku hiyo wanasiasa walijua kwamba kuna chumba ambamo wanasomwa na watu wasiowafahamu, na wengi wao walianza kuingia humo kimya kimya kusoma.

Nisiyapambe majukwaa zaidi ya haki yake. Nimesoma humo matusi ya kabila, uzushi juu ya ndoa za watu, mashtaka mazito yaliyotupwa na mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia kisha akatoweka. Kenya ilijifunza ubaya wake mapema. Mashada, jukwaa kubwa la Wakenya lililoanzishwa na David Kobia, lilijaa chuki za kikabila wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, na Januari 2008 Kobia akaamua kulifunga. Mahali pake akafungua ukurasa wa watu kutoa ushuhuda kwamba wao hawana kabila. Katika wiki hizo hizo alishiriki kujenga Ushahidi, mfumo wa kupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, ambao baadaye ulitumika katika majanga nchi nyingi. Mtu yule yule alifunga jukwaa na kujenga chombo kingine cha umma ndani ya mwezi mmoja. Hakuacha kuamini mazungumzo ya wazi. Alikataa kumwachia kila mpita njia kiberiti.

Sasa, ni nini kilichowahamisha watu? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba vijana hawapendi kusoma. Silikubali. Vijana hao hao wanasoma jumbe mia mbili za kundi kabla hawajalala. Mimi naona sababu ya kwanza ni bei.

Kampuni za simu ziliuza, na bado zinauza, bando la mitandao ya kijamii: kwa pesa kidogo unapata WhatsApp, Facebook, Instagram, lakini ukibonyeza kiungo kinachotoka nje ya hiyo, bando halihusiki. Mwaka 2014 Facebook na Tigo walileta Tanzania mpango wa Internet.org, ambao uliwafungulia wateja Facebook na kurasa chache nyingine bila kulipia data. Kwa dereva wa bodaboda wa Igoma au mama anayeanika dagaa, hesabu ilikuwa rahisi. Upande huu unaongea wiki nzima kwa bei ya soda. Upande ule kila ukurasa unakula salio. Hakuna jukwaa la nyumbani ambalo lingeshinda hesabu hiyo kwa ubora wa hoja. Tunapolaumu tabia za watu tunasahau kwamba mlango mmoja uliachwa wazi na mwingine ukawekewa kiingilio.

Sababu ya pili ni kioo cha simu. Uzi wa kurasa arobaini uliandikwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Kwenye kioo cha kiganjani unachosha, na kuandika aya tatu kwa kidole gumba kunachosha zaidi. WhatsApp ikaleta sauti. Hapo lazima niiheshimu, kwa sababu jukwaa la maandishi halikuwahi kumpa nafasi mvuvi aliyeishia darasa la nne, wala bibi anayejieleza vizuri kwa Kisukuma na kwa shida kwa Kiswahili cha kuandika. Ujumbe wa sauti umewaingiza mjadalani watu ambao JF, pamoja na sifa zake zote, iliwaacha mlangoni. Jukwaa lilikuwa la waliosoma, tena zaidi wa mjini, tena zaidi wanaume. Anayetaka lirudi kama lilivyokuwa mwaka 2010 anatamani pia ukuta huo urudi.

Lakini tazama kinachotokea kwa maarifa yanayopita njia hiyo. Nachukua ufugaji wa samaki kwenye vizimba kwa sababu ndio mjadala mkubwa wa kiuchumi wa mwambao wetu leo. Sangara wamepungua, wavuvi wameongezeka, na Serikali imesukuma vizimba kwa nguvu. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Mwanza kuzindua ugawaji wa vizimba na boti za mkopo nafuu kwa wavuvi. Watu wameingia, wengine kwa pensheni, wengine kwa mkopo wa kikundi, na makundi ya WhatsApp ya wafugaji yamechipua kila wilaya, Ilemela, Sengerema, Ukerewe, Misungwi.

Ingia katika kundi lolote la namna hiyo ukae kidogo. Mtu anauliza: kizimba kikae kwenye kina cha mita ngapi? Anajibiwa vizuri na mfugaji mzoefu, kwa sauti ya dakika nne, anaeleza kwa nini lazima kuwe na maji ya kutosha kati ya wavu na tope la chini, kwa nini ghuba iliyotulia sana si salama kama inavyoonekana, jinsi ya kusoma upepo. Jioni wanaweka salamu za Ijumaa, tangazo la msiba, bei ya vifaranga, video ya mchungaji, ugomvi wa michango. Baada ya wiki mbili anaingia mtu mpya, anauliza: kizimba kikae kwenye kina cha mita ngapi? Yule mzoefu amechoka, hajibu. Anajibu mwingine, asiyejua. Sauti ile ya dakika nne ipo bado kwenye simu za waliokuwepo, ikiwa hawajaifuta kupunguza mzigo, lakini hakuna anayeweza kuitafuta kwa neno, wala mtu wa kundi la Ukerewe hawezi kuifikia iliyo katika kundi la Sengerema.

Halafu asubuhi moja sato wanakutwa wanaelea, tumbo juu, kizimba kizima. Katika ziwa letu hili ni jambo linalojulikana: upepo unapogeuza maji, yale ya chini yasiyo na hewa ya oksijeni hupanda juu, na samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Wapo wataalamu wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, hapa Mwanza wanaolijua jambo hili, wapo wakufunzi wa chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi, wapo wafugaji waliopoteza samaki wao na wakajifunza. Lakini kila kundi linaupokea msiba wake peke yake. Wa kundi hili wanasema ni sumu ya jirani, wa lile wanasema chakula kilikuwa kibovu, wa kundi la tatu wanasema ni husuda. Kama matukio hayo yangeandikwa mahali pamoja, yakiwa na tarehe, eneo, kina na hali ya upepo, ndani ya misimu mitatu mfugaji wa kawaida angeuona mpangilio wake bila kusubiri semina. Ndani ya makundi yaliyofungwa hauonekani. Pesa halisi za watu halisi zinazama kwa sababu mazungumzo yamekosa kumbukumbu.

Hasara hii inaniuma kuliko ile ya siasa. Siasa zitajitafutia njia, zimefanya hivyo siku zote. Ni swali la mfugaji, la mwenye mtoto mgonjwa, la mwanafunzi anayetafuta maana ya kifungu cha mkataba wa ajira, la mama aliyeuziwa kiwanja mara mbili Kisesa, ndilo linalohitaji mtu asiyemfahamu, aliyekwisha kupita humo, awe ameacha jibu wazi. JF ilikuwa na majukwaa ya kilimo na ufugaji, ya afya, ya sheria, ya lugha, na majibu yaliyoandikwa humo na watu wasiolipwa hata senti moja yaliendelea kusomwa na wengine miaka kumi baadaye. Sijui neno jingine la kuuita mchango huo zaidi ya sadaka.

Hadi hapa habari yetu inafanana na ya dunia. IMDb ilifunga mabaraza yake ya wapenzi wa filamu Februari 2017. Yahoo ilifunga ukurasa wake wa maswali na majibu Mei 2021, na miaka mingi ya majibu ikaondoka. Hata hivyo, anayesema aina hii ya mazungumzo imekufa anakutana na Reddit, iliyoanza mwaka 2005, ambayo ni nyuzi na majibu tu, na ambayo Machi 2024 iliuza hisa zake kwa umma katika soko la New York. Nigeria wana Nairaland ya Seun Osewa, nayo ya mwaka 2005. Watu bado wanataka uzi.

Kwa Tanzania tuna sababu ya tatu, na bila kuitaja wazi hadithi inakuwa ya uongo. Jukwaa letu halikuachwa lishindane. Mwaka 2015 ilipitishwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Tarehe 13 Desemba 2016 Melo alikamatwa tena, akafikishwa Mahakama ya Kisutu na kufunguliwa mashtaka. Kiini chake kilikuwa kwamba polisi walitaka taarifa za wanachama walioandika mambo fulani, naye alikataa kuzitoa. Aliitwa mahakamani mara zaidi ya mia moja katika miaka iliyofuata. Mwaka 2019 kamati ya kimataifa ya kulinda wanahabari, CPJ, ilimpa tuzo yake ya uhuru wa habari. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi hizo, akatozwa faini ya shilingi milioni tatu.

Katikati ya kesi, mwaka 2018, zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu au jukwaa alitakiwa aombe leseni kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ada zake zote zilizidi shilingi milioni mbili. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Hata vyumba vya intaneti vilitakiwa kufunga kamera za kurekodi wateja. Juni 2018 JF ilijifunga, ikarudi baada ya wiki chache ilipokamilisha masharti. Kwa jukwaa kubwa lenye mawakili hiyo ilikuwa dhoruba ya kuvuka. Kwa kijana wa Nyamagana aliyekuwa anaendesha ukurasa wa mijadala ya mtaa kwa pesa yake ya mfukoni, ulikuwa mwisho. Ada zilipunguzwa miaka iliyofuata, lakini aliyekwisha kufunga hakurudi. Alikuwa amefungua kundi la WhatsApp, lisilohitaji leseni. Kisha laini zote za simu zikasajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, zoezi lililofikia ukomo wake Januari 2020, na jina la bandia likawa koti jepesi sana.

Hebu pima matokeo yake. Mtu mwenye jambo la kusema juu ya mkandarasi wa barabara ya kwao analinganisha sehemu mbili. Ya kwanza ni ya wazi, inaonekana na Serikali, mwenye nayo anaweza kuitwa polisi kesho. Ya pili ni kundi la watu 200 anaodhani anawafahamu. Anachagua ya pili. Habari yake inawafikia watu 200, inasambazwa mbele bila jina wala tarehe, na ikimfikia mwandishi wa habari inakuwa imegeuka uvumi, haina mwenyewe wa kuulizwa. Waliotaka kudhibiti uzushi mtandaoni wameusukuma gizani, kwenye kona ambako hakuna modi, hakuna anayedai ushahidi, na mtu aliyesingiziwa hana hata mahali pa kuandika utetezi wake. Nasema hili kwa uzito wote nilio nao: kwa mtu aliyechafuliwa jina, uzi wa wazi unaojibika ni salama kuliko ujumbe wa kusambazwa usio na kwao.

JF yenyewe ilijaribu kufuata watu walikohama. Ikafungua kurasa zake Instagram na Twitter, inachukua hoja kutoka kwenye uzi, inaiweka ndani ya picha yenye maandishi makubwa, na maoni yanamiminika kwa mamia. Tangu mwaka 2021 imeendesha shindano la uandishi la Stories of Change, ikiwalipa washindi kwa makala ndefu, jambo ambalo naliona kama juhudi ya dhati ya kurudisha heshima ya aya. Imefungua pia JamiiCheck ya kuhakiki taarifa. Ninazisifu juhudi hizo. Lakini soma maoni chini ya picha moja ya Instagram, kisha soma uzi wenyewe wa mada hiyo hiyo. Chini ya picha watu wanaongea na picha. Kwenye uzi wanaongea wao kwa wao.

Upo pia upande mpya ambao wengi hatujauzoea kuufikiria. Mashine za akili bandia zinazojibu maswali zimejifunza kwa kusoma maandishi ya wazi ya watu. Waandika programu walikuwa wakiulizana katika jukwaa liitwalo Stack Overflow. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 maswali mapya humo yamepungua sana, kwa sababu mtu anaiuliza mashine iliyosoma majibu ya zamani ya jukwaa hilo hilo. Kwa Kiswahili hatari ni kubwa zaidi. Ni vigumu kutaja hazina nyingine ya wazi ya Kiswahili cha watu wazima wakibishana juu ya mbolea, talaka, Katiba na bei ya mabondo inayokaribia nyuzi za JF. Mazungumzo yetu yakihamia yote ndani ya makundi yaliyofungwa, mfugaji atakayeiuliza mashine kuhusu sato wake mwaka 2030 atajibiwa kwa uzoefu wa ziwa la nchi nyingine uliotafsiriwa.

Mwaka 2025 mambo yalibana zaidi. Mei, mtandao wa X, Twitter ya zamani, ulizuiwa nchini. Tarehe 6 Septemba TCRA ikasitisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, ikisema jukwaa lilichapisha maudhui ya kupotosha umma na kumvunjia heshima Rais. Mgogoro ulihusu maudhui ya siasa, lakini kilichofungwa ni ghala lote, tangu 2006: na yule aliyekuwa akitafuta dalili za ugonjwa wa kuku, na yule wa kina cha kizimba, na mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT anayetaka kuona watu walisema nini siku ya Richmond, wote walikuta ukurasa haufunguki. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na hapo makundi ya WhatsApp nayo yakajua kwamba hayana kinga.

Kuna la kufanya hapa hapa Mwanza bila kusubiri sheria ibadilike, ingawa lazima ibadilike. Kila kundi la vizimba lina mtu mmoja au wawili ambao watu huwangoja waseme. Mara moja kwa wiki, mmoja wao achukue maswali matano yaliyojibiwa vizuri, ageuze sauti kuwa maandishi, aondoe majina ya watu, aandike tarehe, eneo na kina cha maji, ayaweke kwenye ukurasa wa wazi unaotafutika. Chuo cha Nyegezi kina wanafunzi wanaohitaji mazoezi ya vitendo. Wapewe kazi hiyo, na mwalimu wao awe modi. Nakala ichapishwe ya karatasi kila robo mwaka, ibandikwe mwaloni Kirumba na kwenye mialo ya visiwani, kwa ajili ya wasio na bando. Na aliye na swali jipya, kabla ya kuuliza kundini, aelekezwe kwanza kwenye ukurasa huo, akaangalie nani alipata hasara ya namna yake, mwezi gani, upepo ukivuma kutoka wapi.